Shilingi Uliyoibana Iende Wapi

Mkopeshaji wa mtaani anakupa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, urejeshe ndani ya miezi 5. Anachukua asilimia 10 ya milioni, yaani 100,000, anazidisha mara 5, anapata riba ya 500,000. Rejesho lako linakuwa 300,000 kila mwezi. Sasa fikiria mwezi wa 4. Umekwisha kurudisha 600,000 ya mtaji wake, umebaki na 400,000 tu ya fedha yake, lakini bado unatozwa 100,000 ile ile uliyotozwa ulipokuwa na milioni nzima. Ukiikokotoa riba hiyo kwa deni linalobaki kweli, mkopo wa "asilimia 10" unakugharimu zaidi ya asilimia 15 kwa mwezi. Milioni hiyo hiyo ikitolewa na benki kwa asilimia 16 kwa mwaka, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua kwa miezi 12, ingekugharimu kama shilingi 89,000 mwaka mzima.

Mikopo ya namna hii ndiyo watu wanaiita kausha damu, na inalistahili jina hilo. Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo zisizopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hata hivyo kila wiki wapo wanaokuja kuniomba ushauri wakiwa na mkataba wa karatasi moja, mara nyingine bila mkataba kabisa, na kadi ya benki imebaki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri.

Nimetanguliza bei ya deni kwa makusudi. Ushauri wa kubana matumizi kwa kawaida huanzia jikoni: acheni nyama, acheni soda, zimeni taa. Familia inatii, inajinyima miezi kadhaa, na deni linabaki pale pale. Kujinyima kwao kulikuwa kwa kweli, ila hakuna aliyewaambia fedha iliyookolewa iende kwenye deni lipi na lini.

Kwa anayedaiwa kwa asilimia 15 kwa mwezi, kila 10,000 inayopunguza deni linalotozwa kwa salio inamwokolea 1,500 mwezi unaofuata, na mwezi wa baada ya huo, hadi deni liishe. Hakuna akaunti ya benki inayolipa hivyo, na genge la nyanya linalolipa hivyo bila hasara ni nadra. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba mwenye deni la bei kali hana uwekezaji bora kuliko matumizi aliyoyaacha, mradi fedha hiyo ifike inakotakiwa.

Kwanza yaandikwe madeni yote, na hapa ndipo kazi ilipo ngumu. Mume ana mkopo wa mshahara ambao mke anaujua nusu. Mke ana deni la kikundi ambalo hajalisema kwa kuogopa ugomvi. Kuna daftari la dukani kwa Mangi, kuna mkopo wa Songesha wa kwenye simu, kuna laki mbili za shemeji. Upatu mliokwisha kuupokea mapema nao ni deni, kwa sababu kijumbe atapita kudai mchango hadi mzunguko uishe. Kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, mwandike bila kulaumiana. Asiyeanza kwa kulaumu ndiye atakayeambiwa ukweli wote.

Mbele ya kila deni andikeni kiasi kilichobaki, siku ya rejesho, dhamana mliyoweka, na jibu la swali moja ambalo wakopaji wengi hawajawahi kuliuliza: nikilipa kabla ya wakati, riba inapungua? Kwenye mkopo wa benki unaotoza salio, kwa kawaida inapungua, ingawa kuna benki zinazotoza ada ya kumaliza mapema. Kwa mkopeshaji aliyekwisha kuijumlisha riba yote siku ya kwanza, mara nyingi haipungui hata shilingi. Huyo ukimpelekea fedha ya ziada mwezi wa 2 unamfurahisha yeye tu, isipokuwa mkikubaliana kwa maandishi kwamba atakupunguzia. Kama hakubali, mlipe kwa tarehe zake, usikope tena kwake, na ziada yako ipeleke kwenye deni ambalo riba yake inasikia.

Madeni ya VICOBA, yaani ya vikundi vya kuweka na kukopa, yaangalieni kwa jicho tofauti. Riba ya kikundi inaweza kuonekana kubwa, lakini sehemu yake inarudi kwa wanachama wakati wa mgao, mwenye hisa nyingi akipata zaidi. Deni la kikundi lilipwe kwa wakati kwa sababu ya heshima na wadhamini wako, ila kwa fedha ya ziada lisitangulie lile la mkopeshaji wa mtaani aliyekubali kupunguza riba.

Sasa jikoni. Gharama kubwa ya familia yenye madeni mara nyingi haimo katika chakula chenyewe. Imo katika namna ya kukinunua. Mafuta ya kupima ya 500 mara mbili kwa siku ni 30,000 kwa mwezi. Mkaa wa kopo la 2,000 kila siku ni 60,000. Nenda duka la jumla, uliza bei ya dumu la lita 5 na ya mtungi wa gesi wa kilo 15, kisha ulinganishe na kiasi ulichopata hasa kwa fedha ile ya rejareja. Mwenye fedha kidogo analipa bei kubwa zaidi kwa kila kijiko, na halipi kwa uzembe, analipa kwa sababu hana fedha ya dumu kwa siku moja.

Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo washauri wenzangu wengine hawalipendi: fedha ya kwanza mtakayookoa isiende kwenye deni. Inunue unga, mchele, maharage na mafuta ya wiki mbili, halafu ya mwezi. Jiko linalonunua kila siku litakopa siku yoyote ambayo mkono ni mtupu, iwe kwa Mangi au kwenye simu, na mkopo huo mdogo utakula kile mlichokilipa kwenye deni kubwa. Chakula kikishakuwa ndani, funga daftari la dukani kwa kulimaliza. Ni deni dogo, lakini ndilo linalokufanya ushindwe kuuliza bei, kwa sababu anayedaiwa hahami duka.

Baada ya hapo yako mengine ambayo kila nyumba inayajua yenyewe. Watu wawili wanaokula mchana kwa mama lishe kwa 3,000 kila mmoja wanatumia 132,000 katika siku 22 za kazi. Chakula cha kubeba kutoka nyumbani hakifiki hata nusu ya hapo. Bodaboda ya asubuhi mara nyingi ni gharama ya kuchelewa kuamka.

Yapo yasiyoguswa. Usipunguze chakula cha watoto wala dawa ya shinikizo la damu ya mama yako, wala usiache kulipia bima ya afya kama unayo. Siku tatu hospitalini zinaweza kufuta kazi ya miezi, na aliyefika hospitalini bila fedha ndiye anayepiga simu kwa mkopeshaji usiku.

Michango ya harusi inaumiza zaidi kuliko mkaa, kwa sababu inagusa undugu. Kamati inatuma kadi, kiwango kimeandikwa, na majina ya waliotoa yanasomwa kwenye kundi la simu. Simwambii mtu aache kuchangia. Atakapofiwa atawahitaji watu hao hao. Ninachosema ni kwamba mwambie mwenye shughuli mapema, kwa mdomo wako, kwamba mwaka huu unatoa kiasi fulani na siku mbili za kazi ya jikoni au kusimamia viti. Anayekataliwa mapema kwa heshima hupanga upya. Anayeahidiwa laki na kutopata kitu ndiye anayenuna.

Fedha ikishaokolewa, iondoke siku hiyo hiyo. Ikibaki kwenye simu itageuka vocha, nauli ya mgeni, au ada za kutuma na kutoa. Kama deni halipokei malipo madogo, tafuteni kibubu au akaunti isiyo na kadi, na mmoja wenu awe mwenye kumbukumbu ya kila shilingi iliyoingia.

Kuna njia ya mkato inayopendwa na watumishi wa umma: benki "kununua deni". Inaweza kusaidia sana ikiwa bei inashuka kweli, kwa mfano kutoka kwa kausha damu kwenda mkopo wa mshahara, na ikiwa huchukui shilingi ya nyongeza mkononi. Ikigeuka kuwa kuongeza mkopo juu ya mkopo, miaka 2 iliyobaki inafutwa na unaanza upya miaka 6 au 7, na katika miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho ni riba. Kumbuka pia utaratibu unaotaka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Utaratibu huo unaangalia hati ya mshahara tu. Mkopeshaji aliyeshika kadi yako haonekani kwenye hati hiyo, kwa hiyo theluthi iliyolindwa kwa ajili ya watoto wako ndiyo anayoichukua yeye kwenye mashine mwisho wa mwezi.

Kama kadi yako iko kwa mtu leo, usisubiri deni liishe. Nenda tawi la benki na kitambulisho, ifungwe, upewe nyingine yenye namba mpya ya siri, kisha mwandikie mkopeshaji barua yenye kiasi unachokubali kudaiwa na tarehe utakazolipa. Deni bado ni lako na utalilipa. Lipa kwa njia inayoacha risiti, na siku ya rejesho la mwisho usiondoke bila karatasi iliyosainiwa kwamba hudaiwi, pamoja na hati yoyote ya kiwanja au pikipiki uliyoiacha kama dhamana.