Je, Wajua? Chumvi Ilizidi, Barua Zikaanza

Je, wajua kuwa mapenzi ya filamu ya Kihindi *The Lunchbox* (2013) yanaanza kwa chakula kilichopotea njia? Ila, mama wa nyumbani jijini Mumbai, anapika kwa bidii ili mumewe aliyempa kisogo ageuke amtazame. Chakula anachomtumia ofisini kinakosea njia na kutua mezani kwa Saajan Fernandes, mhasibu mgane anayekaribia kustaafu, aliyezoea vya kulipia kwa mwezi kutoka hoteli ya mtaani.

Je, wajua Ila aling'amuaje? Mume alirudi jioni akasifu koliflawa. Ila hakupika koliflawa.

Kesho yake akatia kibarua ndani ya chombo. Je, wajua Saajan alijibu nini? Hakushukuru. Aliandika kuwa chumvi imezidi. Jirani wa ghorofa ya juu akaagiza adabu ya pilipili, na barua iliyofuata ikasema kwamba chumvi leo sawa, ila ilibidi ndizi mbili zizime moto mdomoni.

Na je, wajua kuwa jirani huyo, Shangazi Deshpande, haonekani mpaka filamu inakwisha? Tunachopata ni sauti yake (ya mwigizaji Bharati Achrekar) na kikapu kinachoshushwa dirishani kwa kamba. Mumewe amepoteza fahamu miaka mingi, macho yamekodolea feni ya darini. Shangazi huisafisha ikiwa inazunguka, kwa kuogopa kuwa ikisimama, mzee naye atasimama. Ndoa nzima imesimuliwa na mtu asiyeonekana; nawajua waongozaji wanaohitaji saa tatu na nyimbo sita kwa kazi hiyo.

Nyimbo zenyewe? Humu hakuna hata wimbo mmoja wa kucheza mvuani, jambo la kuwashangaza tuliokulia kwenye picha za Kihindi za Jumapili.

Je, wajua kuwa mwongozaji Ritesh Batra hakukusudia hadithi ya mapenzi? Alitaka filamu ya kumbukumbu kuhusu dabbawala, wachukuzi wa chakula cha mchana wa Mumbai. Alipokaa nao wakamsimulia habari za majumba wanakochukulia vyombo, na hadithi ikamponyoka ikaenda kwingine. Ikawa filamu yake ndefu ya kwanza, na huko Cannes mwaka 2013 ikapata tuzo ya watazamaji katika Wiki ya Wahakiki.

Dabbawala hawa si watu wa mchezo. Kazi yao ilianza mwaka 1890 chini ya Mahadeo Havaji Bachche, na vijana wapatao 100. Ilipotoka filamu walikuwa kama 5,000, wakibeba takriban vyombo 200,000 kwa siku ya kazi: asubuhi kwa baiskeli hadi stesheni, kisha treni, kisha mkokoteni hadi ofisini, na alasiri chombo kitupu kinarudi kwa mwenyewe. Wengi wao hawakusoma sana. Anwani ni rangi, herufi na tarakimu zilizopakwa kwenye kifuniko. Chuo cha biashara cha Harvard kiliandika somo kuwahusu mwaka 2010.

Ndiyo maana Ila anapolalamika, mchukuzi wake anakuja juu: kosa haliwezekani, watu wa Harvard wamekuja, hata mfalme wa Uingereza amekuja! Je, wajua kuwa hakuwa mfalme? Charles aliwatembelea mwaka 2003 akiwa mwanamfalme, na mwaka 2005 wawili wao wakaalikwa harusini kwake. Ufalme aliupata mwaka 2022. Mchukuzi alimtawaza mapema.

Je, wajua kuwa Irrfan Khan, aliyemwigiza Saajan anayestaafu, alikuwa katikati ya miaka ya arobaini tu? Aliuzeesha mwili kwa mabega na kwa namna ya kufungua vifuniko, kimoja kimoja, akinusa kabla ya kuonja. Alifariki Aprili 2020, akiwa na miaka 53.

Kuhusu uzee, kuna mahali pamoja sipasahau. Ila ameomba waonane mkahawani. Saajan anajiandaa, anarudi bafuni alikosahau kitu, na humo anakuta harufu ya babu yake. Anaduwaa. Babu alikufa zamani. Harufu ni yake mwenyewe. Ndani ya treni kijana anamwita mjomba na kumpisha kiti. Mkahawani anafika, anamwona Ila akisubiri, akinywa maji, akitazama mlango, na yeye Saajan hasogei. Filamu nzima wawili hawa hawasemezani ana kwa ana.

Je, wajua kuwa Shaikh, kijana anayefundishwa kazi na Saajan (ni Nawazuddin Siddiqui), hukata mboga za jioni akiwa kwenye treni, juu ya mafaili ya ofisi? Yeye pia hupenda kutaja maneno ya mama yake. Siku moja Saajan anamkumbusha: si ulisema u yatima? Kweli, anajibu, lakini nikimtaja mama maneno yanapata uzito.

Baba wa Ila anakufa kwa saratani ya mapafu baada ya kuuguzwa muda mrefu. Je, wajua mama anasema nini pale msibani? Anasema ana njaa. Anatamani chapati za kukaanga. Waliowahi kuuguza mtu kitandani hawatahitaji kufafanuliwa.

Mwisho, Bhutan. Ila na Saajan wanaota kutorokea huko, ambako inasemekana watu hupimwa kwa furaha na rupia moja ya India ni sawa na tano. Je, wajua kuwa pesa ya Bhutan, ngultrum, imefungwa kwa rupia ya India moja kwa moja? Rupia moja ni ngultrum moja. Hesabu yao ya kuanza maisha mapya ilikuwa imezidishwa mara tano, na katika barua zote zile hakuna aliyeikagua, ingawa mmoja wao alikuwa mhasibu.