Maji ya Kulowekea na Maji ya Kusuuzia: Istilahi za Ujazo katika Upikaji wa Bia

Nomino *maji* haibadiliki kwa umoja na wingi, na katika mapishi mengi jambo hilo halimsumbui mtu. Humsumbua mfasiri wa maelekezo ya kupika bia nyumbani kwa kimea cha shayiri, kwa kuwa humo neno hilo moja hubeba ujazo wa namna kadhaa. Maelekezo ya "bia ya lita 20" hutaja ujazo wa mwisho, ule unaoingia katika chombo cha kuchachushia. Mfasiri akiandika "chukua maji lita 20", msomaji mwenye kilo 5 za kimea atamaliza kazi ya siku nzima akiwa na kinywaji kisichofika lita 9.

Hesabu sahihi huanzia mwisho. Tuseme tunataka lita 20, na lita 2 zitabaki na mashapo chini ya sufuria: jumla 22. Kimiminika kinachopoa kutoka kwenye mchemko husinyaa kwa takriban asilimia 4, kwa hiyo kikiwa cha moto kilikuwa karibu lita 23. Kuchemsha kwa saa moja kunaweza kupoteza lita 4 kama mvuke (kila sufuria na moto wake, hivyo ni lazima kupima). Basi kabla ya mchemko zilihitajika lita 27. Kilo moja ya kimea hufyonza takriban lita moja isiyorudi. Kilo 5 huongeza lita 5. Jumla ya maji ni lita 32.

Maji hayo hayamiminwi yote kwa pamoja. Kwa kipimo cha lita 3 kwa kilo, lita 15 za moto huloweka kimea. Lita 17 zilizobaki husuuza sukari iliyosalia ndani ya nafaka. Hapa kauli ya kutendea hutusaidia sana: *maji ya kulowekea* na *maji ya kusuuzia* hutaja kazi ya kila fungu bila kuhitaji istilahi ngeni. "Maji ya kwanza" na "maji ya pili", ninavyoona, hayafai, kwani msomaji anaweza kudhani ni maji yanayotoka, si yanayoingia.

Mabaki nayo yatofautishwe. *Machicha*, neno tulilozoea kwa nazi iliyokamuliwa, hutumika pia kwa nafaka iliyochujwa katika pombe. *Mashapo* ni kile kinachotuama chini. Machicha hupunguza maji kabla ya mchemko, mashapo baada yake, na kuyachanganya huharibu hesabu. Kwa kimiminika chenyewe kabla ya kuchachuka, wengine wangependa *togwa*. Ladha ya utamu inawavutia, lakini togwa ina unga wake ndani na hunywewa hivyo hivyo. *Maji matamu ya kimea* ni refu, ila halipotoshi.

Liko pia neno *galoni*. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza lita 4.546. Maelekezo ya galoni 5 yakitoka Marekani ni karibu lita 19. Yakitoka kitabu cha zamani cha Uingereza ni karibu lita 23. Mfasiri atazame kwanza mahali kitabu kilipochapishwa, kisha aandike lita.