Kusoma Plagi: Utambuzi wa Mchanganyiko Usiolingana katika Injini ya Pikipiki

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, pikipiki ya bodaboda ni chombo cha riziki. Injini ikikohoa, mwendeshaji hupoteza wateja. Pistoni ikiyeyuka, hupoteza mtaji. Aghalabu, plagi huwa imetoa ushahidi mapema. Makala haya yanaeleza jinsi ushahidi huo unavyosomwa, na kuonyesha kwa nini neno linalotumiwa kuueleza lina uzito.

Chanzo cha kutolingana

Petroli huungua kikamilifu inapochanganyika na hewa kwa uwiano wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito. Hewa ikizidi, huwa mwepesi. Kwa kuwa pikipiki nyingi za bodaboda zina silinda moja, kutolingana hutokea baina ya mwendo na mwendo. Katika kabureta, jeti ndogo huhudumia mzunguko wa polepole, sindano huhudumia mwendo wa kati, nayo jeti kubwa huhudumia mwendo wa kasi. Uchafu ukiziba jeti kubwa pekee, injini itanguruma vizuri ikiwa imesimama, kisha ikose nguvu barabarani.

Mazingira nayo huchangia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo, kabureta iliyorekebishwa Mombasa huelekea kutoa mchanganyiko mzito Nairobi. Vumbi linaloziba kichujio cha hewa huleta matokeo yayo hayo.

Rangi na maana yake

Kauri ya plagi inayozunguka ncha ya katikati ndiyo husomwa. Rangi ya kahawia hafifu huashiria mchanganyiko unaofaa. Masizi meusi makavu huashiria petroli iliyozidi. Weupe wa chokaa huashiria joto kali, ambalo mara nyingi husababishwa na hewa inayopenya kwenye mpira wa kabureta uliopasuka, au na jeti iliyoziba. Chembe ndogo za metali zikionekana kwenye kauri, yamkini pistoni imeanza kuyeyuka, na injini haifai kuendeshwa tena kabla ya kukaguliwa.

Ikumbukwe kwamba petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Petroli ya sasa huacha rangi hafifu zaidi, hivyo fundi hana budi kuchunguza hadi kwenye shina la kauri.

Utaratibu

Injini iliyoachwa ingurume kwa muda mrefu huweka masizi hata ikiwa nzima. Kwa hiyo, plagi safi hufungwa, pikipiki ikaendeshwa kwa mwendo mmoja mahali salama, kisha injini ikazimwa papo hapo huku klachi imeshikwa. Plagi hufunguliwa baada ya injini kupoa kiasi. Jaribio hurudiwa kwa mwendo wa polepole, wa kati na wa kasi. Rangi zikitofautiana, njia yenye kasoro hujulikana.

Hitimisho

Utata mkubwa umo katika neno moja. Fundi akisema kwamba plagi "ina mafuta", mteja hajui kama ni petroli au ni oili. Masizi makavu ya petroli huweza kuondolewa kwa kusafisha kabureta au kubadilisha kichujio. Weusi wenye utelezi wa oili huelekeza kwenye ringi za pistoni au mihuri ya vali, na gharama yake ni kubwa zaidi. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha hali hizo mbili, na gereji zinayatumia. Ni wajibu wa wanafunzi wa lugha kuyakusanya na kuyafafanua, maana hapa usahihi wa istilahi huamua mtu atalipia matengenezo gani.