Maradhi ya Uvimbe wa Kasa

Sisi watu wa Uganda hatuna bahari, basi wasomaji wengine watauliza nimezijulia wapi habari za kasa. Likizo iliyopita nilikwenda Mombasa kwa mjomba wangu, naye akanipeleka kwa wavuvi rafiki zake upande wa kaskazini. Asubuhi moja walivuta nyavu wakapata kasa mdogo, ukubwa wake kama karai. Jicho lake la kulia halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na nyama iliyoota kama koliflawa, na nyama nyingine zilining'inia shingoni na makwapani. Mvuvi mmoja alisema atupwe upesi asije akatuambukiza. Nami, nasema kweli, nilirudi nyuma.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia, akanipa vitabu. Maradhi hayo huitwa fibropapilomatosisi. Yaliandikwa mara ya kwanza mwaka 1938, kwa kasa wa Florida aliyekuwa akifugwa New York. Sasa yameonekana katika bahari nyingi za joto, na pwani ya Kenya pia. Anayeshikwa zaidi ni kasa wa kijani, hasa wale wadogo waliokwisha kuacha bahari kuu wakaja kula majani karibu na nchi kavu. Virusi vinavyohusika ni jamaa wa vile vinavyotutoa malengelenge ya midomo, lakini ni vya kasa. Haijapata kuonekana mtu aliyeambukizwa. Kwa hiyo hofu yetu ilikuwa bure.

Uvimbe wenyewe kwa kawaida si saratani. Huua kwa sababu ya mahali ulipoota. Ukifunika macho, kasa haoni chakula wala adui. Ukiota ndani ya mapafu au figo, hakuna la kufanya. Ule wa nje madaktari huukata kwa mwali wa leza, kama wafanyavyo katika hospitali ya kasa iliyoko Marathon, Florida, tangu miaka mingi. Hata hivyo waweza kuota tena, basi mgonjwa hukaa akiangaliwa muda mrefu.

Lililonishangaza ni kwamba virusi hivyo hukutwa hata katika kasa wazima. Kwa nini basi huyu aote na yule asiote? Katika maji ya Indian River huko Florida, yasiyotembea sana na yanayopokea uchafu wa mashamba na miji, karibu nusu ya kasa wa kijani waliopimwa walikuwa na uvimbe. Kwenye miamba ya jirani iliyo wazi kwa bahari walikuwa wachache zaidi. Wataalamu wengi wanayashuku maji machafu, ingawa hawajathibitisha. Tena Hawaii maradhi yalizidi miaka ya 1980, kisha yakapungua, na hapana aliyeyatibu yote.

Yule kasa wetu hakutupwa. Mjomba alipiga simu kwa watu wanaotibu kasa, wakaja wakamchukua kwa gari, amefunikwa gunia bichi. Jicho la kushoto lilikuwa bado likiona, maana nilipopitisha mkono alilifumba.