Kusomea Uzee Bila Kuwaacha Wazee

Mtu akituambia ya kuwa anasomea uzee, wengi kati yetu watacheka. Uzee, twasema, haufundishwi. Unakuja wenyewe, na mwenye kuungoja ataupata. Tena akiongeza ya kuwa anasoma nyumbani kwake, kwa njia ya intaneti, bila kukaa katika chuo, tutacheka mara ya pili. Basi tuangalie mambo haya mawili, moja moja, tuone kama kicheko chetu kina haki.

1. Elimu ya uzee ni nini?

Jina lake ni jerontolojia. Aliyeipa jina hilo ni Élie Metchnikoff, mwaka 1903, alipokuwa akifanya kazi katika Institut Pasteur ya Paris. Elimu hii haitazami mwili peke yake. Inauliza vile vile: mzee anaishi na nani? Anakula kwa feza gani? Nani anamsikiliza? Na watu wanaomzunguka wanamhesabu kuwa nani?

Tutoe mfano. Mwaka 1957 Mwingereza Peter Townsend alitoa kitabu juu ya maisha ya wazee katika jamaa zao, huko Bethnal Green, mtaa wa wafanyakazi katika mji wa London. Wakati ule wengi walisema ya kuwa watu wa mjini wamewatupa wazee wao. Townsend alikwenda kuwauliza wazee wenyewe nyumbani mwao. Alikuta ya kuwa wengi wao wanaonana na watoto wao kila siku au karibu kila siku, na ya kuwa wamama wazee wanalinda wajukuu. Kisha alitembelea nyumba 173 za kutunzia wazee, na mwaka 1962 akaeleza upweke aliouona humo. Hivi tunafahamu ya kuwa neno linalosemwa na wote juu ya wazee si kweli daima. Lazima kwenda kuuliza.

2. Namna gani mtu anasoma kutoka mbali?

Jambo hili si jipya. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake bila kukaa humo. Mwaka 1971 Open University ya Uingereza ilianza kufundisha watu nyumbani mwao kwa posta, redio na televisheni. Leo intaneti imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Shule ya Leonard Davis ya mji wa Los Angeles, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya elimu ya uzee, inafundisha kwa intaneti hata masomo ya mastere, yaani masomo ya nyuma ya lisanse.

Masomo hayo hayamfungi mtu kwa saa wala kwa pahali. Lakini asidhani mtu ya kuwa ni mchezo. Kwa hesabu ya Uingereza, mastere ni pointi 180, na kila pointi ni kazi ya saa 10: jumla saa 1.800. Mwenye kusoma siku nzima anamaliza kwa mwaka mmoja. Mwenye saa 15 tu kwa juma anahitaji majuma 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Mzigo ni ule ule. Safari ndiyo imekuwa ndefu.

3. Faida yake iko wapi?

Muuguzi akienda kusoma Ulaya, anawaacha wazee wake. Akisoma hapa alipo, somo la jioni analipima asubuhi mbele ya mzee mwenyewe.

Tuseme mama mzee, mjane, anakutwa usiku nje ya nyumba ya jirani, na hajui amefikaje. Katika vijiji vyetu wako watu watakaosema mara moja: ni mchawi. Kwa neno hilo wazee wamepigwa, wamefukuzwa, hata wameuawa. Lakini mwenye kujifunza elimu hii anajua ya kuwa kuna magonjwa yanayoharibu ubongo na kuondoa ukumbusho. Moja lao lilielezwa na mganga Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kutoka usiku na kupotea. Basi yeye aliye karibu anaweza kusimama kati ya mama yule na wale wenye kushika mawe. Aliye mbali atapata habari nyuma ya maziko.

4. Hatari ziko?

Ziko. Ya kwanza: umeme hukatika, na intaneti inakula feza. Ya pili ni kubwa zaidi. Vitabu vingi vya elimu hii viliandikwa kwa nchi ambamo wazee wengi wana pensheni. Mwenye kuvikariri tu atampima mzee wa shamba kwa kipimo cha mzee wa London, naye atakosa. Ya tatu: mtu anaweza kusoma kurasa elfu juu ya wazee, asikae na mzee hata mmoja. Dawa ni ile ya Townsend: kila sura unayosoma, nenda ukamwulize mzee wa mtaani kama ni hivyo, na umwache aseme mpaka mwisho.

Shirika la Afya Duniani linasema ya kuwa mwaka 2020 watu wenye miaka 60 na zaidi walikuwa bilioni 1, na ya kuwa mwaka 2050 watakuwa bilioni 2,1, na watu nane katika kumi wa hao watakaa katika nchi zenye mapato madogo au ya katikati. Kwetu Kongo leo vijana ndio wengi. Lakini kijana wa miaka 35 anayesoma maneno haya atakuwa na miaka 60 mwaka 2050 haujakwisha au nyuma yake kidogo. Tukicheka wenye kusomea uzee, tujue ya kuwa wanasoma habari zetu.