MAANA YA UVUVI ENDELEVU: MFANO WA PWEZA

Neno "endelevu" limezoeleka katika matangazo ya Serikali, lakini maana yake haijawafikia wananchi wote. Uvuvi endelevu si kuacha kuvua. Ni kuvua kwa kiasi ambacho samaki waliobaki majini wanaweza kukifidia kwa kuzaana na kukua.

Mfano ulio karibu ni pweza wa miambani. Umri wake ni mfupi, kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja na nusu, naye hukua upesi mno: mdogo akiachwa mwezi mmoja hivi, uzito wake huweza kukaribia maradufu. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai pangoni bila ya kula, kisha hufa. Anayemtoa pangoni wakati huo huondoa kizazi kizima. Ndiyo sababu baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, utaratibu ulioanza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004.

Kufunga huko kuna gharama, na si haki kuinyamazia. Wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu wakati wa bamvua hawana chombo cha kuwapeleka mwamba mwingine. Kwa hiyo inapasa sehemu inayofungwa iwe ndogo, siku ya kufungua itangazwe mapema, na wenye vyombo wasiachiwe kuwatangulia. Mwamba uliofungwa miezi mitatu ukavuliwa wote kwa siku mbili hurejea pale pale ulipokuwa.