Dawa za ARV: bei ya kidonge imeteremka, gharama ya safari yake bado ipo

BEI ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI imekuwa ikiteremka kwa zaidi ya miaka 20, jambo lisilo la kawaida kwa bidhaa inayohitajika kila siku na mamilioni ya watu. Mwaka 2000 dozi ya mtu mmoja kwa mwaka iliuzwa kwa dola za Kimarekani 10,000 na zaidi. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza kuwa dozi ya mwaka mzima ingepatikana kwa chini ya dola 45.

Hata hivyo, mfanyabiashara anayetazama bei peke yake ataisoma vibaya biashara hii. Dawa ya dola 45 iliyokwama bandarini haina thamani kwa mgonjwa aliyeko Sumbawanga au Lodwar. Kinachoamua leo ni uongozi wa mradi wa ugavi: nani anahesabu wagonjwa, nani anaagiza, mzigo unasafiri vipi, na unafika lini.

Mwenendo wa bei kwa mtu mmoja kwa mwaka umekuwa kama ifuatavyo:

Mwaka 2000: dola 10,000 na zaidi
Mwaka 2001: dola 350
Mwaka 2017: dola 75
Mwaka 2023: chini ya dola 45

Ikumbukwe kuwa dawa zenyewe zimebadilika katika kipindi hicho. Bei ya mwaka 2001 ni ile ambayo kampuni ya Cipla ya India iliyatangazia mashirika ya misaada kama Madaktari Wasio na Mipaka. Kwa serikali, kampuni hiyo ilitaja dola 600. Bei za mwaka 2017 na 2023 ni za kidonge kinachojulikana kwa herufi TLD, chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mgonjwa humeza kimoja kwa siku.

Somo la ununuzi wa pamoja

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni ule wa mpango wa Marekani wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003. Mwaka 2005 kazi ya kununua na kusafirisha dawa za mpango huo ilikabidhiwa mradi wa SCMS, ulioendeshwa na umoja wa mashirika chini ya JSI na MSH. Badala ya kila nchi kugombana na wauzaji peke yake, mradi ulikusanya mahitaji ya nchi nyingi na kuagiza kwa pamoja. Maghala ya kanda yalifunguliwa Ghana, Kenya na Afrika Kusini ili mzigo uwe karibu na walaji kabla haujaitwa.

Jambo la pili lilikuwa kuhamia kwenye dawa jenerika, yaani zile zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa fomula ileile. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuzipitisha kwa ajili ya mpango huo mwaka 2004. Mwaka 2005 zilikuwa asilimia 15 hivi ya pakiti zilizonunuliwa. Kufikia mwaka 2008 zilikuwa asilimia 89.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Mwaka 2005 programu za PEPFAR zilitumia dola milioni 116.8 kununua pakiti milioni 6.2 za dozi ya mwezi. Mwaka 2008 zilitumia dola milioni 202.2 kununua pakiti milioni 22.1. Fedha haikufika hata mara mbili, lakini mzigo uliongezeka zaidi ya mara tatu na nusu. Pakiti moja ilitoka karibu dola 19 hadi karibu dola 9. Kiasi kilichookolewa katika miaka hiyo kwa kutumia jenerika kilikadiriwa kuzidi dola milioni 320.

Hesabu za ghala

Msomaji anayeendesha duka la jumla atayatambua matatizo ya kiongozi wa mradi wa namna hii, isipokuwa moja: mteja wake hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo. Mgonjwa akikatiza dozi, virusi hupata nafasi ya kuongezeka na kujenga usugu. Dawa za kumhamishia baada ya hapo ni ghali zaidi na haziuzwi na viwanda vingi.

Uchukuliwe mfano wa programu yenye wagonjwa 100,000 wanaotumia TLD kwa dola 45 kwa mwaka. Matumizi ya mwezi mmoja ni dola 375,000. Ikiwa dawa za miezi sita zinakaa katika ghala kuu na vituoni, na za miezi mitatu zimeagizwa au ziko baharini, mtaji uliolala ni dola milioni 3.375. Hapo haijahesabiwa nauli, bima, ushuru wa bandari, malori wala mishahara ya watunza ghala.

Sasa daftari la wagonjwa likosewe kwa asilimia 10 tu. Likizidishwa, dawa za dola 450,000 zitakuwa zimenunuliwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo, nazo zitaanza kusogelea tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa. Likipunguzwa, mzigo ulioagizwa kwa mwaka utatosha miezi kumi na siku 24 hivi. Bila akiba ya tahadhari, makabati yatakuwa matupu kwa siku 36 hivi kabla mwaka haujaisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii, kinachopotea si mali peke yake.

Ndiyo maana viongozi wa miradi hii hutumia muda mwingi zaidi kwenye takwimu za vituo kuliko kwenye mabishano ya bei. Kila kituo hutakiwa kutaja dawa iliyotoka, iliyobaki na iliyoharibika. Ghalani, dawa inayokaribia kuisha muda wake ndiyo hutolewa kwanza, hata kama iliingia mwisho. Chupa za vidonge 90 zimechukua nafasi ya zile za 30 katika programu nyingi: mgonjwa huja kliniki mara nne kwa mwaka badala ya 12, na lori hubeba dozi nyingi zaidi katika nafasi ileile.

Makadirio yanapopinduka

Mei 2018 soko lilipata mtikisiko ambao hakuna mnunuzi aliyeutarajia. Utafiti uliokuwa ukiendelea Botswana ulionyesha dalili kwamba dolutegravir huenda inahusiana na kasoro za uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao walikuwa wakiitumia waliposhika mimba. Nchi kadhaa ziliwawekea mipaka wanawake wa umri wa kuzaa. Makadirio ya mahitaji yakalazimika kuandikwa upya, na dawa za zamani zilizokuwa zikiondolewa zikahitajika tena. Takwimu zilizofuata zilionyesha kuwa hatari hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza dawa hiyo kwa watu wote.

Mwaka 2020 tatizo lilitoka upande wa wauzaji. Viwanda vingi vya dawa hizi viko India, na nchi hiyo ilifungwa Machi kutokana na ugonjwa wa COVID-19. Safari za ndege zilipungua na nauli zikapanda. Julai mwaka huo WHO ilisema nchi 73 zilikuwa katika hatari ya kuishiwa ARV, na 24 kati yake ama zilikuwa na akiba ndogo mno ama zilikuwa zikikatikiwa na dawa.

Mwaka uliofuata kikwazo kilikuwa karibu zaidi. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya ARV iliyotolewa msaada na Marekani ilikaa bandarini Mombasa kwa wiki kadhaa, huku serikali hizo mbili zikivutana juu ya kodi na juu ya chombo gani kiisambaze. Dawa ilikuwa imenunuliwa, imelipiwa na imefika. Kilichokosekana ni makubaliano ya hati.

Mzigo mdogo hauna mwenyewe

Dawa za watoto zina shida ya aina yake. Watoto wanaohitaji ARV ni wachache kuliko watu wazima, hivyo nchi moja huweza kuagiza kiasi kisichotosha hata kuwasha mashine za kiwanda. Tangu mwaka 2011 wanunuzi wakubwa wamekuwa wakikaa pamoja kuunganisha oda hizo ili kiwanda kipate kazi ya maana. Desemba 2020 yalitangazwa makubaliano ya dolutegravir ya watoto, ya kuyeyusha kwenye maji, yaliyoteremsha gharama ya matibabu ya mtoto mmoja kwa mwaka kutoka dola 480 hivi hadi chini ya dola 120.

Kupokezana kazi

Wakati wa hatari zaidi ni pale mradi mmoja unapokabidhi kazi kwa mwingine. Kazi ya SCMS ilichukuliwa na mradi mkubwa zaidi uliopewa kampuni ya Chemonics, kwa mkataba wenye ukomo wa dola bilioni 9.5, mkubwa kuliko wote uliowahi kutolewa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Mapema mwaka 2017, maagizo yaliyofika kamili na kwa wakati yalikuwa asilimia 7 tu. Suala hilo lilifikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 2018. Kiwango kilipanda sana baadaye, lakini fundisho lilibaki: mkataba mnono na bei nzuri havizuii mzigo kuchelewa ikiwa mifumo ya kuagiza na kufuatilia haijakaa sawa siku ya makabidhiano.

Makabidhiano yaliyo mbele sasa ni makubwa kuliko hayo. Januari 2025 amri ya Rais Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kibali maalumu cha huduma za kuokoa maisha kilifuata siku chache baadaye, lakini kazi nyingi zilikuwa zimekwisha simama. Julai 1, 2025 USAID ilifungwa na shughuli zake zilizobaki kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mkakati uliotolewa Septemba mwaka huo ulisema Marekani ingegharamia ununuzi wa dawa na vifaa katika mwaka wa fedha 2026, kisha nchi zinazosaidiwa zibebe sehemu inayokua hatua kwa hatua. Kenya ilitia saini makubaliano ya miaka mitano Desemba 2025. Kati ya dola bilioni 2.5, Marekani iliahidi bilioni 1.6 na Kenya iliahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake.

Maana yake kibiashara ni kuwa mnunuzi anabadilika. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 31.6 duniani walikuwa kwenye matibabu, kati ya milioni 40.8 wanaoishi na VVU. Mahitaji hayo hayatapungua kwa sababu mlipaji amebadilika.

Nafasi ya viwanda vya karibu

Mwaka 2023 kampuni ya Universal Corporation ya Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kupata ithibati ya WHO kwa TLD. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulitangaza kuwa umenunua dawa hiyo na kuipeleka Msumbiji, kiasi cha kutosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mfuko huo kununua ARV ya mstari wa kwanza iliyotengenezwa Afrika. Kwa kipimo cha dola 45, mauzo ya aina hiyo ni kama dola milioni 3.2. Ni mwanzo mzuri, lakini faida kwa kila chupa ni nyembamba na mshindani wa India huzalisha kwa wingi mno.

Kwa wenye mitaji midogo, tahadhari tatu zinafaa. Kwanza, idadi ya wagonjwa isichukuliwe kuwa ndiyo ukubwa wa faida. Katika bidhaa iliyoshuka kutoka dola 75 hadi chini ya 45 ndani ya miaka sita, anayebaki sokoni ni mwenye uzalishaji mkubwa na malighafi ya uhakika. Pili, kabla ya kununua hisa za kiwanda chochote cha dawa, ithibati za WHO na zabuni alizoshinda mwenye kiwanda zitazamwe kwanza, si matangazo yake. Tatu, wanaotoa huduma za njiani, yaani mawakala wa forodha, wenye malori na wenye maghala yenye ubaridi kwa ajili ya vitendanishi vya maabara, wakague masharti ya malipo. Serikali zinapoanza kulipa kile kilicholipwa na wafadhili, ankara inaweza kukaa miezi mingi, na riba ya benki haisubiri.

Katika miezi ijayo cha kufuatiliwa ni bajeti za dawa katika wizara za afya za kanda hii na tarehe ambazo fedha zitatoka. Mzigo wa TLD huagizwa miezi kadhaa kabla ya kuhitajika. Nchi itakayochelewesha malipo ya oda leo itaanza kuona makabati matupu wakati ambapo hata bei ya chini ya dola 45 haitaweza kumfikishia mgonjwa dozi kwa siku yake.